Rust kwenye keneli ya Linux: imenilia bando, na bado naitumia

Niandike sasa hivi kabla hasira hazijapoa. Ukitaka kuandika draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya Linux kwa lugha ya programu ya Rust, kwanza uiwashe kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo: unafungua menuconfig, menyu ya mipangilio ya keneli, unaingia General setup, unatafuta pa kuwasha Rust. Hapapo. Sisemi pamezimwa, nasema hapapo kabisa! Hakuna onyo wala neno, utadhani Rust haijawahi kukanyaga kwenye keneli, wakati imo tangu toleo la 6.1, mwishoni mwa 2022.

Nilihangaika siku tatu, nne hivi. Niko Mtwara, Chikongola, na intaneti yangu ni ya bando la simu. Nikahisi keneli niliyoshusha ni mbovu, nikashusha nyingine. Bando likakata. Nikaachana na GCC, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, nikahamia kompaila ya Clang, maana Clang na Rust zote zimejengwa juu ya LLVM, msingi mmoja wa kutengenezea kompaila, nikidhani huenda wakasikilizana. Wapi! Umeme nao ukakatika mara mbili katikati ya make, amri ya kujenga keneli (na gesi ya kuzalisha umeme tunayo hapo Mnazi Bay, haya tuyaache).

Ikabidi nibebe laptopu hadi kwa kijana mmoja fundi kompyuta. Duka lake silitaji. Nimemweleza dakika kumi nzima, uso hajauinua kwenye simu yake.

"Mjomba, umeendesha rustavailable?"

Sijaendesha amri hiyo, ya kukagua kama mahitaji ya Rust yametimia.

"Sasa unalalamika nini?"

Hata shikamoo sikuipata.

Nimerudi nyumbani nimenuna, nikaandika make LLVM=1 rustavailable. Sekunde haikuisha: chanzo, yaani msimbo asilia, cha core, maktaba ya msingi ya Rust, hakijaonekana. Basi! Kilichokosekana ni kifurushi kimoja tu chenye chanzo hicho, rust-src. Yaani menyu inajua fika kuna kitu kimepungua, ndiyo maana ikaficha chaguo lenyewe, ila kutamka ikaona haya. Baadaye nikagundua ukibonyeza mkwaju (/) ukatafuta RUST, unaona sharti la RUST_IS_AVAILABLE limewekewa n, yaani hapana. Mgeni atajuaje abonyeze mkwaju? Nyota moja, na hiyo ya huruma.

Halafu nikaanza kuandika moduli yenyewe, kipande cha msimbo kinachopakiwa kwenye keneli, kompaila ya Rust ikanikatalia. Kosa E0382. Ikanichorea mstari: hapa umekikabidhi kitu hiki kwa mwingine, na hapa chini unataka kukisoma tena wakati si chako. Nilitukana, nikazima taa, nikalala.

Usiku ndipo nikakumbuka masika yaliyopita. Moduli ya namna hiyohiyo niliiandika kwa lugha ya C. GCC ikaipitisha bila hata kukohoa. Nikaipakia kwa insmod, skrini ikaganda, kipanya kikafa, nikashikilia kitufe cha umeme hadi kidole kikauma. Mahesabu ya korosho ya mama mkubwa, niliyokuwa sijayahifadhi, yakaenda na maji. Programu ya kawaida ikikosea inakufa peke yake, lakini keneli inaondoka na nyumba nzima. Nilikesha siku kadhaa ndipo nikaona kwamba kumbukumbu ya mashine niliyoiachia kwa kfree kwenye fankisheni moja, nyingine ilikuwa bado inaichezea. Na GCC siwezi kuilaumu. C ndivyo ilivyo, inakuachia kisu na mikono yako.

Kumbe hii kompaila yenye mdomo ndiyo iliyokuwa inaniokoa. Kama yule kijana, nikisema ukweli, ila yeye nyota simpi.

Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tatu! Nikiikumbuka ile menyu damu inachemka upya. Asubuhi nimerekebisha mistari miwili, moduli imeingia, dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa keneli, imeonyesha salamu yangu kwa Kimakonde, na mashine haikutikisika. Haya, nne, lakini rust-src mshushe kabla hamjafungua hiyo menyu. Mimi hapa nimebakiwa na MB kumi na kitu, na duka la vocha limefungwa.