Seti ndogo za matofali za wanyama wa gemu: ipi ununue kwanza, ipi usubiri nayo

Seti ndogo ya matofali ya kujengea, ile yenye vipande visivyofika 300, huuzwa kwa sura ya mhusika mmoja. Sonic akitoka amepinda uso, au miiba yake ya nyuma ikilegea, hakuna jumba wala barabara pembeni ya kulifichia kosa hilo. Ndiyo maana mnunuzi wa seti ndogo anapaswa kuwa makini kuliko anayenunua boksi la vipande elfu moja.

Kabla ya kuangalia idadi ya vipande, jiulize: mnyama mwenyewe anajengwa kwa mikono, au anakuja ameshatengenezwa? Seti hizi ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, mnyama mzima hujengwa tofali kwa tofali, na mwisho wake ni sanamu ya kuweka mezani. Katika aina ya pili unapata kikaragosi kidogo chenye kichwa kilichofinyangwa kwa kalibu, na matofali yaliyobaki hujenga mazingira yake: hema, pikipiki, meza ya keki. Anayetaka kujenga akinunua aina ya pili atasema amedanganywa, kwa sababu sura aliyoifuata dukani anaikuta tayari ndani ya mfuko. Mtoto anayetaka kucheza akipewa aina ya kwanza, atakuwa na sanamu isiyokunja mguu.

Kuhusu bei, wengi hugawa bei kwa idadi ya vipande ili kujua kama wanapunjwa. Hesabu hiyo inafaa kwa seti kubwa. Kwa seti hizi ndogo inapotosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei ni haki ya kutumia mhusika, na kichwa kimoja chenye kalibu yake pekee kina gharama kuliko rundo la vipande bapa. Ukilinganisha, linganisha seti za aina moja: sanamu kwa sanamu, kikaragosi kwa kikaragosi.

Nafasi ya kwanza: Sonic wa BrickHeadz, LEGO namba 40627

BrickHeadz ni mfululizo wa LEGO wa sanamu ndogo zenye vichwa vikubwa vya mraba. Vipande 139, umri uliopendekezwa ni miaka 10 kwenda juu. Hii ndiyo tunayoiweka juu kwa mtu mzima au kijana anayetaka kitu kimoja cha mezani, maana kila kipande kinamhudumia mhusika. Sonic, kalunguyeye wa buluu wa Sega aliyetoka mwaka 1991, ana umbo linalokubali mtindo huu wa vichwa vikubwa vya mraba: kichwa tangu mwanzo kilikuwa kikubwa kuliko mwili, na miiba inajaza mgongo ambao kwa wahusika wengine wa BrickHeadz hubaki ukuta mtupu.

Ujenzi unaanza na kiini cha kati, humo ndani wabunifu wa BrickHeadz wana desturi ya kuficha matofali ya waridi kama ubongo. Kiini kina matofali yenye vinundu (vile vijiduara vya kushikiza tofali) ubavuni, na uso, mashavu na mgongo vinabandikwa kwenye vinundu hivyo kwa pembeni. Hapo ndipo watu hukosea. Kitabu cha maelekezo kina alama ya mishale miwili inayozunguka, maana yake geuza kazi yako. Ukiiruka alama hiyo mara moja tu, ubavu wa kulia unakwenda kushoto, na hutagundua hadi hatua kadhaa baadaye, wakati kipande cha uso kinapogoma kukaa. Kosa la pili ni kubonyeza upande huku nyuma hakuna kinachoshikilia: kiini kinafunguka katikati na unaachiwa mwanya mwembamba kama uzi. Mwanya huo usiupuuze. Weka kidole cha mkono mwingine upande wa pili, kisha bonyeza taratibu mpaka usikie kipande kimekaa.

Macho yake yamechapwa juu ya kipande, hayaji kama stika. Kwa seti ndogo hili ni jambo kubwa: stika iliyokaa mshazari kwenye jicho inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Mwenzake ni Tails, namba 40628, mbweha wa mikia miwili mwenye vipande 131. Akisimama peke yake hana nguvu ya Sonic, lakini wawili wakiwekwa pamoja rangi ya chungwa na buluu zinainuana vizuri sana. Kama bajeti inaruhusu mmoja tu, chukua Sonic.

Nafasi ya pili: Bunnie au Julian wa Animal Crossing

Animal Crossing ni gemu ya Nintendo ambamo mchezaji anaishi na wanyama. Seti hizi ni za mtoto wa miaka 6 na kuendelea, na kwa umri huo ndizo bora kwenye mwongozo huu mzima. LEGO ilizitoa Machi 2024. Namba 77047 ni ya sungura Bunnie, vipande 164, na hema na moto wake wa kambi. Namba 77046 ni ya Julian, farasi mwenye pembe moja, vipande 170, ikiwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa na keki yake. Kila boksi lina kikaragosi kimoja tu. Angalia hilo vizuri, kwa sababu picha za matangazo hupenda kukusanya wahusika wa seti zote sehemu moja.

Kichwa cha kila mmoja kimefinyangwa kwa ajili yake, masikio yakiwa sehemu ya kichwa hichohicho, kwa hiyo hakuna sikio la kupotea chini ya kochi. Ujenzi ni wa vijisehemu vifupi: mti, jiwe, meza, kila kimoja juu ya kitako chake. Mtoto anamaliza kimoja, anacheza, anarudi kwa kingine. Vitako hivyo vinaweza kupangwa upya, jinsi mchezaji anavyopanga kisiwa chake ndani ya gemu.

Kati ya hizi mbili tunapendelea Bunnie, kwa kuwa vitu vya kambi vinachezeka mwaka mzima, wakati sherehe ya Julian ikishapangwa mara moja haina mengi ya kubadilisha. Mtoto akishampenda Julian kwenye gemu, ushauri wetu huu uuache. Mhusika anayempenda ndiye sahihi.

Wengine huuliza kuhusu Isabelle, yule mbwa wa manjano. Yumo katika namba 77049, vipande 389, pamoja na swala Fauna. Ni seti nzuri, lakini imeshatoka kwenye kundi la seti ndogo na bei yake inaonyesha hivyo. Nunua hiyo endapo unamtaka Isabelle hasa. Kama shida ni wahusika wawili tu, namba 77048 ya Kapp'n, yule mwenye mashua, ina vipande 233, na ndani yake yumo pia kindi Marshal.

Nafasi ya tatu: Sonic's Speed Sphere Challenge, namba 76990

Vipande 292, miaka 6 kwenda juu. Hapa Sonic ni kikaragosi kinachoingia ndani ya tufe, na tufe hilo linarushwa kwa kifyatulio mpaka ligonge kilicho mbele. Kwa mtoto asiyekaa chini, hii inaipita hata Animal Crossing. Tumeiweka ya tatu kwa sababu inahitaji sakafu. Kwenye zulia la manyoya tufe linapoteza mwendo karibu na kifyatulio, na juu ya meza linaanguka. Nafasi ya sakafu tambarare isiyo na zulia, ndefu kama hatua mbili au tatu za mtu mzima, inatosha.

Kifyatulio kikifanya kazi nusunusu, mara nyingi si kibovu. Kuna kipande kimoja hakijakaa mpaka chini na kinasugua sehemu inayosogea. Fungua ubavu wake, bonyeza kila kiungo upya, jaribu tena kabla ya kufikiria kurudisha dukani.

Nafasi ya nne: Pikachu wa MEGA

MEGA ni ya kampuni ya Mattel, na ilianza kutoa seti za Pokémon mwaka 2017. Pikachu, panya wa umeme, ametoka kwa ukubwa mwingi sana, kuanzia kijisanamu kinachokaa ndani ya tufe lake hadi wale wa mamia ya vipande. Kwa hiyo jina pekee halitoshi. Soma idadi ya vipande na urefu kwenye boksi, vinginevyo utafungua kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Wale wa karibu vipande mia mbili, wanaosimama kama sentimita 10, ndio wenye uwiano mzuri.

Vinundu vyake vinaingiliana na vya LEGO, kwa hiyo haitakuwa mgeni kwenye sanduku la matofali ya nyumbani. Tofauti utaisikia mkononi. Viungo vya mikono na masikio vya seti ndogo hulegea vikichezewa sana, na hii ndiyo sababu haikupanda juu zaidi. Kama sanamu ya rafuni haina tatizo hilo.

Nafasi ya tano: Shadow the Hedgehog's Escape, namba 76995

Vipande 196, miaka 8 kwenda juu, ya mwaka 2024. Pikipiki ni nzuri na inakamata umbo la mwendo kasi. Lakini thamani ya boksi hili ni Shadow mwenyewe, kalunguyeye mweusi aliyeingia kwenye gemu mwaka 2001. Kwa anayempenda, ipandishe hadi ya pili. Kwa asiyemjua, ni pikipiki na kikaragosi. Jenga chini ya taa nyeupe au mwanga wa mchana: vipande vyeusi na vya kijivu kilichokolea vinafanana mno chini ya balbu ya manjano.

Nafasi ya sita: Pikachu wa nanoblock

Nanoblock ni matofali madogo sana ya kampuni ya Kawada ya Japani, yaliyoanza kuuzwa 2008. Tofali la kinundu kimoja lina upana wa milimita 4 kwa 4 na kimo cha milimita 5. Nafasi kati ya vinundu vya LEGO ni milimita 8, yaani hapa kila kitu ni nusu, na aina hizi mbili haziunganiki kabisa. Kwa udogo huo Pikachu anakaa juu ya kiganja na bado ana mashavu mekundu na mkia wa mshazari. Inapendeza, na inakaa popote.

Umri wake ni miaka 12 kwenda juu, na uheshimu. Ujenzi ni wa tabaka kwa tabaka kutoka miguuni, na maelekezo ni karatasi moja yenye picha ndogo. Tabaka likisogea kwa kinundu kimoja, yote ya juu yanapinda. Andaa sinia yenye kingo, kibano, na utenganishe rangi kabla ya kuanza. Baada ya kila matabaka mawili, bonyeza kazi yote kwa kitu bapa juu ya meza, si kwa ncha ya kidole, kwani kidole kinabonyeza tofali moja na kuinua jirani yake. Vipande vichache vikibaki mwishoni usishtuke. Ni vya akiba. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka 3 isiilete kabisa. Seti zote hapa zina hatari ya kukaba koo kwa umri huo, ila hii ndiyo ya hatari zaidi, maana kipande kilichoanguka hakionekani.

Ya kusubiri nayo: Yoshi's Egg-cellent Forest, namba 71428

Vipande 107, na bei yake huvutia. Shida ni kwamba hii ni seti ya nyongeza ya LEGO Super Mario. Mchezo wake unategemea kikaragosi cha elektroniki cha Mario, Luigi au Peach, chenye kihisi chini ya miguu kinachosoma rangi na misimbo. Vikaragosi hivyo huuzwa kwenye seti za kuanzia na vinatumia betri. Bila mmoja wao, Yoshi anabaki dinosaria wa kupendeza asiye na sauti wala pointi. Kama nyumbani kuna Mario tayari, ipandishe mpaka ya tatu bila kusita. Kama hakuna, hesabu bei ya seti mbili.

Ukifika kwenye kulipa

Tafuta kwa namba, si kwa jina. Sonic yuko kwenye seti nyingi, ila 40627 ni moja tu. Seti nyingi hutengenezwa kwa miaka michache kisha husimamishwa, na baada ya hapo bei kwa wauzaji binafsi hupanda. Angalia kwanza kama unayoitaka bado inatolewa na mtengenezaji.

Feki za seti hizi ni nyingi kwa sababu vipande ni vichache kunakili. Tofali halisi la LEGO lina jina la kampuni juu ya karibu kila kinundu. Dalili nyingine ni uso ulioletwa kama stika wakati wa asili umechapwa, buluu mbili tofauti kwenye mgongo mmoja, na vipande vinavyohitaji nguvu za meno kuvitenganisha.

Ukinunua iliyotumika, maelekezo yake hupatikana bure kwenye tovuti ya LEGO kwa kuandika namba ya seti, na kurasa za mwisho zina orodha ya vipande vyote. Omba picha ya kichwa kwa karibu, mbele na nyuma. Kipande bapa cha kawaida kikikosekana utakipata popote. Kichwa cha Bunnie kikiwa na mikwaruzo, seti nzima imepoteza thamani yake. Seti mpya ikikosa kipande, usirudishe boksi: huduma kwa wateja ya LEGO hutuma kipande kilichokosekana bila malipo.

Ikishajengwa, iepushe na jua la dirishani, kwa kuwa plastiki ya ABS hugeuka manjano na buluu hufifia. Ikipata vumbi, tumia brashi laini ya kupaka rangi. Ikichafuka zaidi, ioshe kwa mkono katika maji yasiyozidi nyuzi 40 za selsiasi, na isiingie kwenye mashine ya kufulia wala ya kuoshea vyombo.