Bunduki ya marisau: ya kukunja au ya pampu?

Ya kukunja, yenye mitutu miwili, ukiifungua tu unaona kila kitu: risasi zimo au hazimo. Hata aliyesimama mbali anajua haiwezi kulia. Ya pampu, unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma kishikio chini ya mtutu, huficha. Risasi hukaa kwenye bomba chini ya mtutu, na bomba likiisha, moja yaweza kubaki chemba, yaani nyuma ya mtutu inapofyatuliwa. Angalia kwa jicho, kisha papasa kwa kidole. Kwa wepesi wa kurudia kufyatua pampu inashinda, sibishi, ila mwanafunzi ningempa ya kukunja.

Mtego mmoja unazihusu zote: risasi ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikizidi, upana hupungua), kwa kawaida ya njano, ikitumbukia kwenye mtutu wa geji 12 hukwama mbele. Ukipachika ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka. Usizichanganye mfukoni.