Kupima msongo wa mawazo kwa mate: uzoefu wangu nikiwa mzamiaji wa kazi

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nazamia kwa kazi pwani ya Uskoti: nguzo za gati, nyaya za umeme za chini ya bahari, minyororo ya maboya. Kipimo ninachokieleza ni kile cha kuagiza kwa posta, kinachopima kwenye mate kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa zaidi unapopata msongo. Nilikipenda kwa sababu hakina sindano. Mtu akichomwa sindano mwili unaweza kushtuka, na homoni unayotaka kuipima ikapanda. Hapa unatafuna kipande cha pamba kama dakika moja, unakirudisha kwenye kichupa, unaandika saa, basi.

Vichupa ni vinne: unapoamka, nusu saa baadaye, alasiri, na kabla ya kulala. Nusu saa kabla ya kila kimoja hakuna kula, kahawa wala mswaki, kwani fizi zikitoa damu jibu huharibika. Taabu kwetu ni ukavu. Hewa ya kompresa tunayoivuta chini ya maji hukausha kinywa, ukivua kofia pamba haipati kitu. Mimi husukutua kwa maji, nikangoja dakika 10, ndipo nitafune.

Kasoro kubwa ni chati ya majibu. Kotisoli huwa juu kabisa muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka mpaka usiku, na chati ile imetengenezwa kwa mtu anayelala usiku. Sisi twafuata maji. Mkondo ukiwa mkali hakuna anayeshuka, tunangoja maji yasimame, na saa hiyo husogea karibu dakika 50 kila siku. Kuna siku nalala asubuhi watu wakienda kazini. Kichupa changu cha kabla ya kulala kilirudi na alama nyekundu. Niliwaandikia maabara kueleza zamu zangu, wakanijibu chati ni moja kwa wateja wote. Kwa bei ile, sikuridhika.

Jambo jingine, kotisoli huchelewa. Hufika kilele dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko wenyewe. Mate niliyotoa nilipofika sitahani yalisimulia muda niliokuwa nikipanda polepole na kusimama kwenye vituo vya kutoa gesi mwilini, si ule wa kukata mnyororo gizani. Kimeng'enya cha amilesi, kilichomo pia kwenye mate, hupanda ndani ya dakika chache, kingetufaa sana wazamiaji, lakini kifurushi hiki hakikipimi.

Hata hivyo nimefaidika. Niliagiza kingine nikapima siku za mapumziko nyumbani, mstari wa kotisoli ukashuka vizuri hadi usiku. Siku za kazi ulibaki juu hata baada ya kulipanga jibu upya kwa saa zangu za kulala. Daktari wetu wa wazamiaji alipoiona ile mistari miwili akaanza kuniuliza habari za usingizi na mapumziko kati ya zamu, mambo ambayo kipimo cha presha peke yake hakikuyaibua.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Anayetumia dawa ya pumu yenye steroidi, au prednisoloni (nayo ni steroidi), azungumze na daktari kwanza, maana dawa hizo huvuruga jibu. Na wa zamu kama mimi anunue viwili, kimoja cha kazini na kimoja cha mapumziko, la sivyo hatakuwa na cha kulinganisha.