Vifaa vitatu nilivyomjaribia farasi mwenye hofu njiani: nimebaki na viwili

Hamjambo, karibuni tena. Leo tuko bandani, na huyu anayeninusa begani ni Tausi. Ana miaka 9. Alikimbia mbio pale Ngong Racecourse akiwa mdogo, akastaafishwa, na tangu mwaka juzi yuko mikononi mwangu. Ndani ya uwanja wenye ua hana taabu kabisa. Mtoe nje ya geti, ushike naye barabara ya murram kuelekea msituni, utaona mnyama mwingine: masikio wima, shingo ngumu kama gogo, pumzi zinamtoka puani kwa kishindo.

Wengi mmeniuliza mnunue nini ili farasi aache kuogopa njiani. Nimejaribu vitu vitatu, kila kimoja kwa miezi kadhaa: kofia ya masikio, pedi ya ngozi ya kondoo ya kuweka chini ya tandiko, na mkanda wa shingo. Nawaambia mapema, hakuna hata kimoja kinachompa farasi ujasiri. Kikiwa kizuri kinampunguzia kero, abaki na nafasi kichwani ya kukusikiliza. Na kimoja kilimwongezea kero, nacho ndicho kilikuwa ghali kuliko vyote.

Tuanze na hicho. Nakisogeza kwenye kamera. Hii ni ngozi halisi ya kondoo, manyoya mazito, ukibonyeza kidole kinazama mpaka pingili ya kwanza. Imeshonwa vizuri, hapo sina ubishi. Muuzaji aliniambia inarekebisha tandiko lolote, nami nikamwamini.

Wiki ya tatu Tausi akaanza kulaza masikio nyuma kila nikikaza mshipi wa tumbo. Tukipanda kilima, mkia unapigapiga. Siku moja lori likapita, turubai limefunguka upande mmoja linapepea, Tausi akageuka papo hapo na kurudi nyumbani kwa shoti, mimi niko juu namvuta hatamu kwa nguvu zangu zote. Nilidhani ni turubai. Nilipomvua tandiko ndipo nikaona kitu ambacho naomba kila mwenye farasi akakitafute leo. Mgongo wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa viraka viwili, kimoja kila upande, chini kidogo ya kinundu cha mabega. Vikubwa kama kiganja changu, vikavu kabisa. Pale tandiko lilikuwa limemkandamiza mpaka jasho likashindwa kutoka. Ukiacha hali hiyo iendelee, mahali hapo huja kuota nywele nyeupe, na zikishaota mara nyingi ndio basi, rangi hairudi.

Nikamwita fundi wa matandiko. Akaliweka tandiko mgongoni bila kitambaa wala pedi, akapitisha mkono chini yake, akaniambia kiunzi ni chembamba, kinambana mabegani. Sasa fikiria una kiatu kinachokubana, halafu mtu anakuongezea soksi ya sufu. Hiyo ndiyo kazi pedi yangu iliyofanya. Tandiko pana kidogo, fundi amelikagua, akasema pedi itasaidia, sawa, itumie. Kuinunua ili kuficha kosa la tandiko, hapana. Mimi nimeitoa kwenye vifaa vyangu, nikatafuta tandiko jingine. Ukitazama la kwako, hakikisha mwanga unapita juu ya uti wa mgongo kutoka mbele hadi nyuma, na uzito wako usivuke ubavu wa mwisho, ule wa 18. Upapase kwa vidole ubavuni, ufuate mviringo wake kwenda juu, utaupata.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu jambo hili linaniuma. Farasi wengi wanaoitwa waoga, au wakorofi, wanaumwa. Mwaka 2018 daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za kuangalia farasi akiwa amepandwa: masikio yaliyolazwa nyuma sekunde 5 au zaidi, mdomo kubaki wazi, mkia kupigapiga, kusimama bila kuambiwa, kushtukashtuka. Farasi akionyesha tabia 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna maumivu mahali. Tausi siku ile nilimhesabia 9. Na mimi nilikuwa nimejiandaa kumfundisha adabu.

Haya, kofia ya masikio. Ni hii nyeusi, imefumwa kwa uzi wa pamba, na ukiigeuza ndani, kwenye masikio, kuna sponji nyembamba ya kupunguza kelele. Sisi tunasikia sauti mpaka karibu kilohezi 20, farasi anafika 33 hivi. Bodaboda iliyotolewa sailensa inatuudhi sisi, mfikirie yeye. Tausi amevaa hii miezi 5, na barabarani tofauti ipo, naiona kwenye shingo. Zamani gari likija nyuma shingo ilikakamaa mita 100 kabla halijatufikia. Sasa anageuza sikio moja, anaendelea. Inzi nao hawamwingii masikioni, akaacha kutikisa kichwa. Visubi vya jioni, vile vidudu vidogo vinavyouma, pia inavizuia masikioni, ila haichukui nafasi ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi hivyo, kwa sababu vinauma popote.

Kasoro yake nimeigundua msituni. Farasi anaona karibu pande zote, lakini nyuma ya mkia kabisa haoni. Kule nyuma anategemea masikio. Kijana akaja na baiskeli kwa ukimya, Tausi hakumsikia, akamwona yuko ubavuni tayari. Aliruka upande mpaka nikapoteza kikuku kimoja, kile cha kukanyagia mguu. Tangu siku hiyo namvisha kofia kwenye barabara kuu tu, tukiingia msituni nashuka, namvua, naikunja mfukoni. Na usimvishe mara ya kwanza siku ya kutoka. Mvishe bandani akila, dakika 10, kesho tena, mpaka asijali.

Mkanda wa shingo. Huu hapa. Mnauona ulivyochakaa? Ni mkanda wa vikuku vya zamani, nimeufunga shingoni mwake, ukalala mbele ya mabega. Sikulipa hata shilingi. Madukani wanauza mizuri zaidi, yenye pete ya kuufunga kwenye tandiko usiteleze akiinama, na kama huna mkanda wa zamani nunua, bei yake haitakutisha. Kama ningeruhusiwa kifaa kimoja tu, ningechukua huu.

Sababu ni hii. Farasi akishtuka, mikono yako nayo inashtuka, na inavuta. Ndivyo tulivyoumbwa. Lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, limelala kwenye ufizi, pale kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego. Shika ufizi wako kwa ncha ya kidole, ubonyeze, utaelewa napozungumzia. Kwa hiyo farasi anaona turubai, na sekunde ileile mdomo unauma. Mara ya pili akiona turubai anajua maumivu yanakuja, na kweli yanakuja. Zaidi ya hapo, kichwa kikivutwa hawezi kukipandisha wala kukishusha, na farasi huhitaji kusogeza kichwa ndipo akione kitu vizuri. Unamzuia kukitazama kile anachokiogopa.

Sasa mimi nikihisi mgongo wake unapanda chini ya tandiko, vidole viwili vinaingia kwenye mkanda. Tazameni mkono wangu: hatamu imebaki legevu, mkanda ndio uliobeba nguvu yangu. Akiruka, nabaki juu, na mdomo wake haujaguswa. Tunasimama. Namwacha atazame. Nasubiri, hata dakika 3, mpaka nisikie ule mguno wa puani na kichwa kishuke. Akipiga hatua moja mbele, nalegeza kila kitu, namkuna hapa kwenye kinundu. Akishindwa, tunarudi hatua chache pale alipokuwa na amani, tunajaribu tena. Siku nyingine hatufiki mbali, na tunarudi nyumbani angali ametulia.

Kuna mambo madogo yasiyonunuliwa. Kabla ya kutoka nampa nyasi kavu za boma Rhodes, sahani kubwa hivi, kwa sababu tumbo la farasi linatoa asidi saa zote, na likiwa tupu akikimbia asidi inarukia ukuta wa juu wa tumbo usio na kinga. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida sana kwa farasi wa mbio. Mkanda wa pua nauacha vidole viwili vipite juu ya mfupa. Shirikisho la farasi la dunia, FEI, mwaka 2025 lilianza kutumia kifaa maalumu cha kupima nafasi hiyo mashindanoni, kwa hiyo hili si deko la mtu anayependa farasi kupita kiasi. Na natoka na mzee wetu Kipara, farasi wa miaka 21 ambaye lori kwake ni upepo tu. Kipara anatangulia kwenye kitu cha kutisha, Tausi anafuata mkia wake. Baada ya wiki kadhaa nawapanga sambamba, halafu Tausi mbele.

Bodaboda ndizo zilibaki shida kubwa mwisho. Nikaenda stejini pale njia panda kwa miguu, bila farasi, nikawaeleza vijana. Nilitegemea wanicheke. Mmoja wao akauliza, "Saisi, sasa tufanye nini?" Jumamosi iliyofuata akaja hapa bandani na pikipiki yake, akaizima, akaiegesha karibu na ua. Nikaweka nyasi mita 20 kutoka hapo. Tausi alikula akiitazama. Jumamosi ya pili akaiwasha, ikaunguruma taratibu, nyasi tukazisogeza mpaka mita 10. Ya nne, Tausi alinyoosha shingo akainusa tangi ya mafuta, akaipuliza, akarudi kwenye nyasi zake.

Asubuhi ya leo tumepita stejini nikiwa nimevua kofia ya masikio makusudi. Pikipiki sita, mbili zinanguruma. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya mkanda, ila sikuuvuta.