Kupima figo Chake Chake: karatasi ya kwanza iliniambia mzima

Mjomba wangu aliondoka Wete na mkoba mmoja, akaenda Unguja kusafishwa damu hospitali ya Mnazi Mmoja kwa kuwa figo zilishashindwa, mara tatu kwa wiki, kila mara kiasi cha saa nne kitandani. Nyumba yake aliiona tena mara mbili tu kabla hajafariki. Ndiyo maana mimi, mwalimu wa skuli mwenye miaka 52 na presha ya mwaka wa tisa sasa, niliamua kupima figo ingawa miguu haijavimba na mwili hauniumi popote.

Nilipanda gari ya asubuhi hadi Chake, nikaingia maabara moja ya binafsi. Nikasema tu nataka kupima figo. Wakanitoa damu, wakachovya kijiti kwenye mkojo, na baada ya saa moja kijana wa dirishani akanisomea majibu mbele ya benchi zima: kreatinini 92, imo ndani ya kiwango, protini hakuna. "Mwalimu, figo zako nzima." Hilo la kusomewa hadharani lilinikera sana. Majibu ya mtu ni siri yake, na wapo watakaoacha kwenda kupima kwa khofu hiyo tu.

Nikarudi nyumbani nimefurahi. Mtoto wa dada yangu, ambaye ni muuguzi, akaitazama karatasi akaniuliza, "Mama mdogo, mbona hawakukukokotolea uchujaji?" Kumbe kreatinini ni taka ya misuli, na namba ile ile humaanisha jambo moja kwa kijana mwenye misuli mikubwa na jambo jengine kwa mwanamke wa umri wangu. Kwa hiyo huchanganywa na umri na jinsia ikapatikana kasi ya figo kuchuja, ile inayoandikwa eGFR. Yangu ilitoka 65. Namba hiyo peke yake si ugonjwa, lakini akanisisitiza nirudi nikapime uwiano wa albumini, ambayo ni protini ya damu, na kreatinini kwenye mkojo, kwa sababu kijiti cha kawaida hakioni protini inayovuja kidogo kidogo.

Safari ya pili nilikitaja kipimo kwa jina lake. Hapa nawasifu kwa moyo wote. Binti aliyenipokea aliniuliza kwanza kama nina homa, kama mkojo unaniunguza, kama jana nilifanya kazi nzito, maana hayo yote huweza kupandisha albumini kwa muda. Kisha akanipa kichupa nikaleta mkojo wa kwanza wa asubuhi. Damu na mkojo pamoja nililipa shilingi 35,000, majibu kesho yake. Uwiano wa chini ya 30 ndiyo salama. Mimi nilikuwa na 118.

Nililia ndani ya gari, sifichi.

Daktari alinituliza: kipimo kimoja hakimpi mtu ugonjwa, rudia baada ya miezi mitatu. Nikarudia, 104. Hapo akasema presha imeanza kuzila figo. Akaniongezea losatani, ambayo pamoja na kushusha presha hupunguza huko kuvuja, na wiki mbili baadaye akataka damu tena aangalie potasiamu na kreatinini. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kudhuru figo, nikaambiwa niiache kabisa. Nilikuwa nikiinunua duka la dawa kwa ajili ya goti, karibu kila siku, na hakuna aliyewahi kuniuliza nina presha au sina. Jambo hili linaniuma kuliko yote, kwani najua watu wazima wangapi mtaani kwetu wanaoishi kwa vidonge hivyo.

Kipimo cha mwezi uliopita: albumini 46, uchujaji 64. Uchujaji umebaki karibu pale pale, alhamdulillahi.

Maabara ile nitaendelea nayo, kwa uangalifu wa yule binti na kwa kuwa majibu huja siku waliyoahidi. Lakini waandike eGFR kwenye kila karatasi ya kreatinini bila ya mtu kuomba, na majibu wayatoe chumbani. Nimewaambia ana kwa ana.

Mdogo wangu wa Konde ana sukari mwaka wa nne na mkojo wake haujapimwa albumini hata mara moja. Kichupa nimeshamchukulia. Jumatatu tunapanda gari pamoja.