Mpango wa South Dakota wa kuwalipa mawakili waje huku porini: mi naupa nyota 3 na nusu

Kwa msioujua, jimbo la South Dakota huku Marekani tangu 2013 linamlipa wakili akikubali kwenda kufungua ofisi kwenye kaunti ndogo, yaani kaunti yenye watu 10,000 kushuka chini. Anapata dola 12,513 na senti zake kila mwaka kwa miaka mitano, jumla dola elfu 62 na ushee. Kwa mawakili ndo walikuwa jimbo la kwanza Marekani nzima, kwa madaktari mambo hayo yalikuwepo zamani. Mi ni nesi, nipo kwenye mji ambao siutaji maana nikiutaja tu mtanijua, na mwenyewe nililetwa huku na bonasi ya mkataba, kwa hiyo mtu asije akaniambia hela haimhamishi mtu. Inamhamisha vizuri sana na mabegi yake.

Hali ilivyokuwa kabla, kiasi cha asilimia 65 ya mawakili wa jimbo zima walikuwa wamejazana kwenye miji minne, Sioux Falls, Rapid City, Aberdeen na Pierre, huku kwingine kumebaki wazee tu na wakistaafu hakuna wa kushika ofisi. Mfano unaotajwa sana ni Martin, mji wa kaunti ya Bennett kule kusini, wakili wao mzee alipostaafu ikawa mtu akitaka wakili anaendesha gari zaidi ya maili 100, na kwa wanaojua barabara za huku mwezi wa kwanza theluji ikipeperushwa na upepo hizo maili 100 siyo mchezo. Na kaunti nayo inaumia, maana mtu maskini akishtakiwa lazima apewe wakili kwa hela ya umma, sasa kama hakuna wa hapohapo unamlipa wa mbali pamoja na muda wake wote wa barabarani. Jaji Mkuu wa wakati ule, David Gilbertson, ndo aliyelishikia bango hili jambo mpaka bunge la jimbo likapitisha.

Haya sasa huduma yenyewe.

Wakili wetu alikuja kupitia mpango huu, kijana tu, ofisi iko lilipokuwaga duka la maua na ukiingia bado kuna lile friji kubwa la vioo, sasa hivi limejaa mafaili. Nilienda kwa ajili ya jirani, kanyoosha uzio ukala kipande cha njia yangu ya gari, tumeongea wee hataki kuelewa. Nikaanza tu kufungua hati zangu za nyumba akanizuia, akaniuliza kwanza huyo jirani anaitwa nani. Nikamtajia. Akafunga kalamu. Dada samahani, huyo tayari ni mteja wangu wa mambo ya shamba, siwezi kukusikiliza na tafadhali usiniambie kitu kingine chochote. Kanitoa kwa adabu kabisa, kanipa na jina la wakili wa kaunti nyingine, basi nikatoka na hati zangu kwapani nikajikuta palepale walipokuwa watu wa Martin, naendesha gari kutafuta wakili wakati ofisi ya wakili iko mtaani kwangu!

Simlaumu, ndo maadili ya kazi yao na angenisikiliza ndo ningemshangaa. Ila hapa ndo naona mpango umeishia njiani. Ugomvi una pande mbili jamani, wakili mmoja mjini anatosha upande mmoja tu, na atakayemwahi ndo kampata. Talaka hivyohivyo, mke akiwahi mume atafute mji mwingine. Halafu kwenye kaunti nyingi ndogo mwendesha mashtaka wa kaunti ni kazi ya nusu muda, anaifanya huku ana ofisi yake binafsi, sasa kama wakili wenu wa pekee ndo huyohuyo mwendesha mashtaka ujue ukikamatwa umelewa barabarani hawezi kukutetea, yeye ndo anayekushtaki. Wakitaka kitu kikamilike walete wawili wawili, au wasaidie miji miwili jirani ipate kila mmoja wake.

Lakini hapo tunarudi kwenye hela. Jimbo linatoa asilimia 50, kaunti au mji unatoa 35, chama cha mawakili kinamalizia 15. Kwa hiyo kaunti inachangia kama dola 4,380 kwa mwaka kwa kila wakili. Nilivyosikia mara ya kwanza nilisema mbona kidogo, ila kaa kwenye mkutano wa kaunti yenye watu 3,000 uone wanavyobishana kuhusu greda moja la barabara. Kizuri cha huo mchango ni kwamba kaunti ikishatoa hela yake inamtafutia mtu wao nyumba na wateja, haimwachi aelee. Ubaya wake, kaunti iliyochoka kabisa ndo inayomhitaji zaidi na ndo itakayoshindwa kuchangia.

Na kiasi chenyewe kimezeeka. Walikipata kwa kuchukua asilimia 90 ya ada ya mwaka mmoja ya chuo cha sheria cha jimbo pale Vermillion, ada ya enzi zile za 2013. Nani bado analipa ada ya 2013? Hata hivyo North Dakota walivyoiga mwaka 2021 walitoa dola 45,000 kwa miaka mitano, kwa hiyo hawa wetu bado wako juu kwa majirani. Nafasi nazo zilianza 16 tu jimbo zima, baadaye zikaongezwa zikafika 32.

Nyota zangu 3 na nusu zimetokana na hii: nilirudi kwake kuandika wosia na karatasi za kumpa dada yangu mamlaka nikiugua, maana huku niko peke yangu. Hapo sasa, mtu na kazi yake. Alikaa na mimi hana haraka, akauliza na kiwanja changu cha Morogoro, akasema wazi sheria ya huko haijui na nitafute mtu Tanzania kwa hicho kipande, hakujifanya mjuaji. Bei alinitajia kabla hajaanza na haikubadilika.

Kwa wadogo zetu mnaosoma sheria huku na mnauangalia huu mpango, soma kipengele cha kuvunja mkataba taratibu, ukiondoka kabla ya miaka mitano unarudisha ulichopokea. Na nyie wateja mkipiga simu ofisi hizi za wakili mmoja, anza na jina la mnayegombana naye kabla hata ya salamu za hali ya hewa, na kama ugomvi unanukia basi piga leo, jirani yako naye ana simu.