Koni za kuchomeka ndani ya shokapu za Subaru: zinalipa, ila angalia nani anakukatia

Wakuu, wenye Impreza za 2001 hadi 2007 nawaletea mrejesho wa Koni Sport za njano (Koni ni chapa ya shokapu), zile zinazokuja kama inseti tu, yaani huuziwi shokapu nzima, unapewa kiini cha kutumbukiza ndani ya gamba la shokapu yako ya zamani. Wenye STI, yaani zile Impreza za toleo la michezo, habari hii haiwahusu, zenu za mbele zimefungwa kichwa chini miguu juu, ni mambo mengine kabisa.

Shokapu za zamani nyingi zilikuwa na nati kubwa juu, unafungua, unatoa vya ndani, unaweka inseti, kazi imeisha. Hizi zetu kiwanda kimeziziba moja kwa moja kwa hiyo lazima zikatwe, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibiwa mali.

Mimi nilipeleka gereji moja huku Tegeta na kilichonifanya nimuamini yule fundi ni kwamba hakukimbilia grinda. Alibana shokapu kwenye vaisi, akaifunika tambara, akatoboa tundu dogo kwa drili taratibu mpaka ikapumua fyuuu halafu oili nyeusi ikaanza kuchuruzika kwenye beseni. Mle ndani kuna gesi yenye presha jamani, ukiingiza grinda kichwakichwa cheche zinakutana na oili inayoruka usoni kwako! Ilipokauka ndo akakata kwa kile kikatio cha mafundi bomba, kwa kipimo cha kwenye karatasi ya Koni, akapiga tupa ukingo wote, akaosha gamba na mafuta ya taa mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Tundu la chini sasa. Inseti inakamatwa na bolti moja inayotokea kitako cha gamba, kwa hiyo tundu likienda pembeni hata kidogo inseti inakaa upande, inasugua, inagonga. Jamaa alipima katikati zaidi ya mara moja ndo akatoboa, bolti akaikaza kwa tokwi renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), akapaka rangi ya kuzuia kutu pale palipokatwa. Kazi safi sana, namsifu bila kusita.

Barabarani? Gari imetulia, hamna neno lingine. Zile rasta za Morogoro Road zilizokuwa zinatetemesha dashibodi nzima sasa hivi unazisikia kwa mbali, na ukikata kona gari hailali hovyo. Juu ya fimbo ya shokapu kuna pa kurekebishia ugumu, inaongeza nguvu pale springi inapoachia tu, ikibanwa haibadiliki, kwa hiyo ukikaza sana usitegemee gari itabeba mzigo zaidi, utaumia mgongo bure. Kwa barabara zetu acheni kwenye laini kabisa au pandisheni kidogo, tosha.

Bei imesimama, sitawadanganya, na ukiongeza usafiri na ufundi, kwa hela hiyo unapata seti nzima ya Kayaba mpya (shokapu kamili za kampuni ya KYB) na chenji juu. Kama gari ni ya kupeleka watoto shule chukua Kayaba ulale. Lakini usije ukaenda kwa wale wanaotoboa shokapu iliyokufa wakajaza oili wakachomelea, ile sio matengenezo, oili haijapimwa, sili ni ileile iliyochoka, utarudi haraka sana na hasira juu.

Na mkipeleka simamieni mambo mawili. Springi itolewe kwa kompresa, kile kifaa cha kuibana springi, kama fundi anaifunga kwa waya ondoka na gari yako. Halafu ile bolti ya juu inayoshika shokapu na nako ya mbele (kile chuma kinachobeba habu ya tairi) ndiyo inayoseti kamba, yaani mlalo wa tairi, ichorwe alama kabla haijaguswa, na hata hivyo ukitoka gereji nenda kafanye alaimenti siku hiyohiyo, tairi za mbele hazisubiri.